Mafuta Mzuri na Mafuta Mbaya

Mume wangu ana wake wawili, na mimi ndiye wa kwanza. Watu hulitamka hilo "wa kwanza" kana kwamba ni cheo cha jeshi. Si cheo. Maana yake ni kwamba zamani ulikuwa peke yako, na sasa hauko peke yako tena.

Mimi naishi Arua, upande wa barabara iendayo Ombaci, na nauza vitenge sokoni. Mwenzangu anaishi Koboko, na kwao Lobule ana shamba la muhogo na simsim. Mume wetu hununua maharage na unga wa muhogo huku kwangu, akawauzie wafanyabiashara wa Sudan Kusini kule kwa mwenzangu, kwa hiyo biashara yake na ndoa zake zote zinatumia barabara moja. Wiki hii kwangu, wiki ijayo kwake. Nadhani pikipiki yake ingeweza kwenda yenyewe.

Sitajifanya mwema. Nina wivu, na sijawahi kuuficha. Wanawake wa rika langu hupenda kusema kwamba ukewenza wameshauzoea, hauwaumi tena. Waongo wakubwa. Mimi mwenzangu namwonea wivu hata kicheko. Anacheka chini chini, polepole, kama mtu aliyefikiri kwanza ndipo akaamua kucheka. Mimi nikicheka majirani huuliza kumetokea nini. Namwonea wivu kwa pasi yake. Shati la mume wetu likirudi kutoka Koboko lina mikunjo miwili mgongoni, imenyooka kabisa, na mimi sijui inapigwaje wala sitauliza.

Lakini wivu mkubwa wa nyumba kama zetu ni wa sahani. Kwetu mwanamume mwenye wake wawili haingii kwa mmoja akasema ameshiba. Hilo ni tusi. Akisema ameshiba, ameshataja alikoshibia. Bibi yangu kule Adumi alikuwa akituambia wasichana: mume asiyemaliza chakula chako usimwulize anaumwa wapi, mwulize amekula kwa nani. Ndivyo nilivyolelewa, na mwenzangu, ingawa ni Mkakwa na mimi ni Mlugbara, alilelewa hivyo hivyo.

Na kwa sahani sikuwa mnyonge. Nilikaanga muhogo ambao watu waliupitia njiani wakasimama. Siri yake ilikuwa mafuta. Huku kwetu mwanamke anayekaanga hamwagi mafuta yaliyobaki. Huyachuja, huyarudisha kwenye kopo, kesho huongeza mapya juu yake, na keshokutwa tena, na kopo halikauki mwaka mzima. "Mafuta ya zamani inajua kazi," ndivyo tusemavyo, na ulimi unakubali: muhogo hushika rangi mapema na kupata ladha ambayo mafuta mapya hayana. Kopo la mwenzangu nalo halikuwahi kukauka. Nilijua kwa sababu mume wetu aliwahi kuropoka mbele yangu kwamba samaki wa Koboko "iko na ladha ingine." Nililimeza neno hilo na halijashuka hadi leo.

Kisha kifua kikambana mume wetu, na kilimbana akiwa kwa mwenzangu, si kwangu. Alikuwa anapakia magunia, akaketi chini ghafla, jasho likimtoka, mkono wa kushoto umekufa ganzi. Mwenzangu ndiye aliyemfungua vifungo. Ndiye aliyetafuta gari la jirani na kumleta hospitali, Arua, kichwa cha mgonjwa kikiwa mapajani pake njia nzima. Nilipofika nilimkuta amekaa kando ya kitanda, amemshika mguu. Sikusema asante. Nilimwangalia huo mkono nikawaza: hata kuugua, ameenda kuugulia kwake.

Alipopata nafuu daktari alituita sote watatu. Alikuwa kijana, mgeni wa huku, hajui Kilugbara wala Kikakwa, kwa hiyo akatueleza kwa Kiswahili chetu, kile walichotuachia askari na wachuuzi, ambacho "nakula" ni mimi, wewe au yeye. Baba yangu alikuwa askari, mimi hicho ndicho nilichonyonya kambini kabla sijapata cha vitabu shuleni, na nilimwelewa neno kwa neno.

"Mzee," alisema, "ndani ya damu yako iko mafuta mbili. Moja mzuri, moja mbaya. Ile mzuri naokota takataka kwa mishipa, narudisha kwa ini. Ile mbaya nabeba mafuta, nazunguka nayo, nakaa sana. Ikikaa sana inashika kutu."

"Kutu kama ya jembe?"

"Kama ya jembe, mzee."

Akaeleza. Mafuta hayasafiri kwenye damu yakiwa peke yake. Yamefungwa ndani ya chembe ndogo sana. Chembe hizo zikiwa nyingi, hujipenyeza kwenye ukuta wa mshipa, na humo huharibika jinsi mafuta yanavyochacha kwenye kopo lisilofunikwa. Mwili una askari wake. Wakiona chembe iliyochacha huivamia na kuila, na hawajui kukinai. Hula mpaka wanavimba, wanashindwa kutoka, wanafia humo humo ukutani. Maiti hurundikana na njia ya damu huwa nyembamba. Moshi wa sigara huongeza kutu, akasema, na mume wetu akaficha vidole vyake vya njano. Mafuta yaliyochemshwa tena na tena nayo huingia mwilini yakiwa yameshaharibika tangu jikoni. Hakusema ndiyo sababu peke yake. Alisema mtu ambaye mshipa wake umeshabana hana cha kuchezea.

"Mshipa ikiziba kabisa, moyo nakosa damu," alisema, akitutazama sisi wanawake. "Hapo mutapoteza mzee."

Mimi na mwenzangu tulikuwa tumekaa kwenye benchi moja, kila mmoja kwenye ncha yake. Mume wetu akageuka. Alinitazama mimi, akamtazama yeye, akarudi kwangu. Kisha akamwuliza daktari, kwa sauti ya unyenyekevu mkubwa:

"Sasa daktari, ile mbaya ni gani?"

Yule kijana hakujua anaulizwa nini. Alidhani ni damu.

"Ile mbaya?" akasema. "Ile umekaa nayo miaka mingi, mzee."

Nesi aliyekuwa mlangoni alitoka mbio, tukamsikia akicheka koridoni. Mwenzangu aliinamisha kichwa, na nikasikia kile kicheko chake cha chini, kidogo tu, kisha akakimeza. Mume wangu alinigonga goti kunifariji. Afadhali angenizaba kofi.

Maneno kama hayo hayahitaji pikipiki. Yalifika sokoni kabla yangu na Koboko kabla ya mwenzangu. Shemeji zangu wakaanza kumwita yeye Mafuta Mzuri na mimi Mafuta Mbaya, kwa utani, ule utani ambao huruhusiwi kuukasirikia. Jirani yangu wa meza ya pili aliniamkia, "Mafuta Mbaya, hujambo?" Nikamwambia Mafuta Mbaya hajambo, ila leo hana kitenge kinachomtosha mtu wa ukubwa wake.

Basi nikaamua. Nilichukua kopo langu, nikalitoa nje, nikalimwaga lote kwenye nyasi nyuma ya nyumba. Lilikuwa na uzito wa miaka. Mafuta yaliteremka polepole, meusi, na chini kabisa yalikuwa mazito kama gundi. Tangu siku hiyo nilimpikia kama alivyosema daktari: majani ya maharage ya kuchemsha, samaki wa mchuzi asiyekaangwa, maharage, odi kidogo, ile simsim iliyosagwa ikawa uji mzito, kwa ladha, machungwa. Vidonge nilimtolea mwenyewe na kumsimamia mpaka ameze. Sigara aliziacha, na hapo namsifu, aliziacha kama mtu anayeacha ndala mlangoni. Nilitaka apone. Nilitaka apone kwangu, kwa mkono wangu, ili siku moja mtu aseme kwamba Mafuta Mbaya ndiye aliyemwokoa.

Naye hakula. Alikuja kutoka Koboko, akaketi, akachokoa chokoa, akasukuma sahani taratibu. "Nimechoka na safari," alisema. Hakusema ameshiba, hakuwa mjinga. Lakini mimi nilikuwa na pua. Alipovua shati nililichukua kwenda kulifua, nikaliinamia, na pale kwenye ukosi na kwenye mikono ilikuwepo: harufu ya mafuta ya zamani. Yale yanayojua kazi. Na mgongoni ile mikunjo miwili iliyonyooka.

Kwa hiyo ndivyo, niliwaza. Mimi nimekuwa mke wa dawa na yeye ni mke wa utamu. Kwangu mume wangu anakuja kumeza vidonge, kwake anakwenda kula. Kipendacho roho hula nyama mbichi, na roho yake inapenda karai la Koboko hata kama litamzika. Nilifua lile shati kwa hasira mpaka kifungo kikang'oka.

Aliporudi hospitali, daktari hakuridhika. Mafuta mabaya yalikuwa yameshuka kidogo tu, si kama alivyotarajia, na kifua kilikuwa bado kinambana akisukuma pikipiki yake mlimani inapozimika. Daktari aliniuliza mimi, "Mama, nyumbani nakula nini?" Nikamjibu kwamba nyumbani kwangu anakula vizuri. Nilitilia mkazo neno "kwangu."

Asubuhi moja ya wiki ya Koboko nilifunga meza yangu ya vitenge, nikachukua bodaboda mpaka kule, bila kupiga simu. Nilitaka kumfumania. Si na mwanamume, na karai. Njia nzima nilipanga maneno, na yalikuwa maneno mazuri, mengine ya Kilugbara ambayo asingeyaelewa lakini angeyahisi.

Nilimkuta jikoni, amechuchumaa mbele ya sufuria. Nilifunua kifuniko kabla ya salamu. Majani ya muhogo, yamechemshwa, na tone moja la mafuta halikuelea juu.

"Karibu, dada," alisema, akasimama. Hunipa heshima ya dada kila mara, na hilo nalo huniudhi.

"Kopo iko wapi?"

"Kopo gani?"

"Ile ya mafuta. Wewe nakaangia mzee, mimi nasikia harufu kwa shati yake!"

Alirudisha kifuniko juu ya sufuria. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akapandisha sauti.

"Mimi? Mimi nilimwaga mafuta yangu siku ile tulitoka kwa daktari! Ni wewe nakaangia yeye. Kila akitoka Arua shati inanuka. Hapa hapana kula, anasema amechoka na safari. Mimi nasema, ah, dada anataka kuua mutu juu ya wivu."

Tulisimama tukitazamana, wanawake wawili wazima, kila mmoja amekuwa akinusa makwapa ya shati moja na kumlaani mwenzake. Nilitaka kutomwamini. Nilipita nyuma ya nyumba, nikaona pale alipomwagia. Nyasi zilikuwa zimekufa mduara mzima, kama kwangu.

"Sasa yeye iko wapi?" niliuliza.

"Ametoka asubuhi. Anasema anaenda kwako kuchukua maharage."

Mimi nilikuwa nimetoka kwangu asubuhi hiyo hiyo, kwa barabara ile ile, na sikupishana naye.

Tulipanda bodaboda moja, sisi wawili nyuma ya dereva, mapaja yamebanana, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya. Tulimwambia aende polepole na tukawa tunatazama kila senta ya maduka, kila kibanda. Tulipopita katikati ya njia, kwenye senta moja ndogo yenye mashine ya kusaga, mwenzangu alinifinya mkono. Pikipiki ya mume wetu ilikuwa imeegeshwa kivulini, nyuma ya mashine, mahali ambapo mtu wa barabarani asiyeitafuta asingeiona.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda kifupi. Mbele yake mama mmoja mzee alikuwa akikaanga muhogo na samaki kwenye karai, na mafuta ya karai lile yalikuwa meusi kama chai iliyosahauliwa motoni. Moshi ulimpanda usoni na shatini. Alikuwa anakula. Sijamwona akila hivyo mwaka mzima: bila haraka, anaupeperusha muhogo mkononi upoe, anauma, anafumba macho. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa. Nilimwonea wivu yule mama mzee asiye na meno ya mbele, nawaambia kweli, nilimwonea wivu kuliko nilivyowahi kumwonea mwenzangu.

Alituona tukiwa tumeshasimama mbele yake. Alituangalia mmoja mmoja, kama siku ile kwenye benchi, ila safari hii tulikuwa tumesimama pamoja.

"Mzee," mwenzangu alisema, "unataka kufa?"

Yule mama akainua mwiko wake kwa hofu. "Mzee yenu hapana fanya kitu mbaya," alimtetea. "Nakula, nanyamaza, nakwenda."

Mume wetu alijipangusa vidole kwenye gazeti. Hakuomba msamaha. Alisema tu, bila hasira, kama anayemweleza mgeni njia:

"Hapa hapana mutu nauliza mimi nilikula wapi."

Nilitazama karai. Kilichokuwa kinamwua hakikuwa Koboko wala Arua. Kilikuwa pale katikati, na sisi wenyewe ndio tuliokuwa tunamtuma apite hapo, wiki baada ya wiki, kila mmoja akimngoja kwake na pua iliyo tayari. Njia mbili zilimshinda fisi, na mume wetu si fisi, ni mtu mwenye mshipa uliobana.

Hata hivyo nilianza kukusanya hoja. Hospitali kubwa iko Arua. Mimi ndiye wa kwanza. Mimi ndiye ninayejua vidonge. Nilikuwa tayari kumnyang'anya pale pale barabarani, mbele ya mashine ya kusaga, na kama ingebidi kupiga kelele ningepiga.

Mwenzangu akanitangulia.

"Hii barabara ndiyo naua yeye," alisema. "Dada, akae kwako. Hospitali iko karibu. Maharage mimi nitatafuta mutu ya kubeba. Mimi nitakuja kuona yeye siku ya soko."

Alisema hivyo hivyo, wazi, macho makavu, na akafunga upya khanga yake kiunoni kama mtu aliyemaliza kazi. Nilikuwa nimejiandaa kunyang'anya. Sikuwa nimejiandaa kupewa. Nilitafuta ndani yangu kama ningeweza kutamka "akae Koboko" na sikuyapata maneno hayo, wala sitayapata hata mkinipa mwaka.

Na mume wetu alimtazama. Mimi nilikuwa ndiye niliyepewa, lakini yeye alimtazama aliyetoa. Namjua mume wangu tangu hana ndevu, na sijawahi kutazamwa hivyo.

Sasa anakaa kwangu. Anakula kwangu asubuhi, mchana na jioni, na anamaliza sahani, kwa sababu hakuna tena mahali pengine ambapo ningeweza kumshuku amekula. Mashati yake hayana mikunjo. Mwenzangu huja siku za soko na majani ya muhogo kutoka Lobule, huketi karibu na mlango, humwuliza kifua kinaendeleaje, hanywi chai ya pili. Akiondoka mume wetu humsindikiza mpaka barabarani, polepole, kama daktari alivyomwagiza kutembea kila siku. Akipigiwa naye simu hutoka nje akaongelea upande wa ukuta. Nimejaribu kusikiliza. Wanaongea habari za mvua na bei ya simsim, na anacheka chini chini. Kicheko kile ameambukizwa na mwenzangu.

Juzi juzi nilimpeleka hospitali. Daktari yule yule alitazama majibu ya damu, akayatazama tena, akatabasamu. Mafuta mabaya yameshuka vizuri. Mume wangu amepanda ngazi za hospitali bila kusimama. Daktari akaweka kalamu chini, akanigeukia.

"Mama," alisema, "wewe ndiye umeokoa huyu mzee."

Hilo ndilo neno nililokuwa nikilingoja tangu siku ya benchi. Nilifungua mdomo kulipokea. Mume wangu akainua mkono, kwa upole, bila kutaka kuniumiza hata kidogo.

"Hapana, daktari," akasema. "Huyu napika vizuri, mimi nashukuru. Lakini ni ile mama ya Koboko. Yeye alikubali kukosa mimi, ndiyo maana mimi iko hai."

Daktari akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli. Mume wangu alikuwa amekaa kando yangu, mzima, wangu kila siku na kila mlo, na nilitamani kwa moyo wangu wote ningekuwa mimi ndiye niliyemkosa.